Baiskeli ya Baba Mkwe

Ninyi mabinti mnaosomea ukunga, kila mkija kunisalimu mnaniuliza habari za uzazi wa zamani: tulifanyaje bila dawa hii, tulifanyaje bila mashine ile. Hayo walimu wenu wanayajua. Mimi nataka kuwaeleza jinsi nilivyokuwa nikifika kazini. Msicheke. Mkunga anayejua kila kitu lakini hajafika, na mkunga aliyefika lakini hajui kitu, kwa mama mwenye uchungu wote wawili ni sawa.

Nilikuwa nikifika kwa baiskeli. Kwetu tuliiita kinga. Na ikiwa mmoja wenu ataletewa baiskeli kuukuu, namwambia kabisa kabla sijasahau: usiangalie rangi. Igeuze magurudumu yawe juu, uyazungushe moja moja huku umetega sikio. Gurudumu likiimba sauti moja tangu mwanzo hadi linaposimama, gololi zake ni nzima. Likikwaruza kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga, fungua kitovu chake, ugonjwa uko humo. Kisha shika rimu kwa mikono miwili uitikise kushoto na kulia, uone kama inacheza. Rangi utapaka mwenyewe siku ukipata nafasi.

Hayo nilifundishwa na Fundi Ramazani wa Baraka. Lakini kabla ya kufika kwa fundi ilibidi kwanza niipate hiyo baiskeli, na huko ndiko kulikokuwa na kazi.

Nilianza kazi materniti ya Baraka, nyumba ya kuzalishia, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado hapa. Nilikuwa msichana, nikilala bwenini pamoja na wenzangu. Kengele ikilia, tulikuwa tumeshafika. Kisha nikaolewa Lweba na Wilondja, mvuvi wa ndagala, na mwanamke aliyeolewa halali bwenini. Kutoka Lweba kwa miguu, hata uamke na jogoo wa kwanza, Baraka unaikuta jua limeshapanda. Malori ya pamba yalipita msimu wa pamba tu, tena dereva alisimama alipopenda yeye. Nikawa nachelewa. Leo kidogo, kesho sana. Na mwenzangu aliyelala zamu hakuweza kwenda kupumzika hadi mimi nifike.

Mtawa aliyetusimamia, tuliyemwita Masere, akaniita pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alifika kabla yetu sote na kuondoka wa mwisho. Aliniambia kwamba ananivumilia hadi mvua zitakapokwisha. Nikiwa bado nachelewa, atachukua msichana mwingine wa bweni na mimi nibaki kwa mume wangu. Hakunitukana. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

Wilondja aliposikia, aliinua macho juu. Tulikuwa jikoni kwa mama yake. Juu ya moto, kwenye boriti, baiskeli nyeusi ilikuwa imening'inizwa kwa kamba, imeshikwa na masizi hata hujui wapi ni chuma na wapi ni moshi.

Ilikuwa ya baba mkwe wangu. Jina lake hata leo silitaji, na mtanisamehe. Alikuwa tarishi wa serikali, akitoka Lweba kuchukua barua Baraka na kupanda nazo milima hadi Fizi, na kushuka tena. Siku moja katika kushuka alianguka vibaya, goti likavunjika, likaungana limenyooka. Tangu hapo mguu ule haukukunjika tena. Akaiweka baiskeli juu ya moto, na hakuna mtu aliyeigusa, hata wanawe wa kiume.

Sasa lazima mwelewe jambo moja, maana ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu. Katika nyumba ile mke wa mwana na baba mkwe waliheshimiana kwa kukaa mbali. Sikupita mbele yake akila. Sikumwangalia usoni. Kiti alichokalia sikukikalia, mkeka alioukalia sikuukanyaga. Akiwa na neno nami, alilituma kwa mama mkwe ama kwa Wilondja. Haikuwa chuki. Ilikuwa njia yetu ya kusema kwamba mimi ni binti wa watu, na yeye anajua hivyo.

Wilondja akaenda kumwomba. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nachekecha unga wa mihogo, masikio yote yako kule. Nikamsikia baba mkwe akisema taratibu:

"Ile kinga nilikalia mi mwenyewe. Sasa muke ya mutoto yangu atakalia namna gani pa kiti yangu? Batu tutabaambia nini?"

Sikukasirika. Niwaambie kweli, mwili wangu wenyewe ulikataa niliposikia maneno yale, kwa sababu alisema haki. Lakini mvua zilikuwa zinanyesha na siku moja zingekwisha.

Fundi Ramazani alikuwa na kibaraza chake karibu na soko la Baraka. Alitengeneza baiskeli, cherehani na taa za karabai, na kati ya hivyo vyote alikuwa akisimama kwenda kuswali, hata kama umekuja na haraka zako. Nilikwenda kwake mchana nikamweleza shida yangu yote, zaidi kwa kujipunguzia moyo kuliko kutafuta dawa. Aliendelea kupiga nyundo huku ananisikiliza. Nilipomaliza akauliza:

"Muzee alikatala kinga, ao alikatala kiti?"

Nikafikiri. Nikamwambia, "Alisema kiti."

"Basi kiti iko na nati moja tu."

Jioni nilimpelekea Wilondja neno hilo, naye akampelekea baba yake. Siku ya pili, wakati narudi kutoka kazini, nilikuta baiskeli imeshushwa, imeegemezwa ukutani, na baba mkwe amesimama mbele yake na ufunguo wa nati mkononi. Nikarudi nyuma ya mgomba. Alifungua nati ile mwenyewe. Ilikuwa imeshika sana, akaigonga, akaipulizia, ikalegea. Akakitoa kiti, akakifuta masizi kwa ncha ya shati lake, akaingia nacho ndani na kufunga mlango. Baiskeli ilibaki nje haina kiti, kama mtu aliyevuliwa kofia.

Tuliipeleka Baraka ndani ya mtumbwi wa Wilondja, maana haikuweza hata kusukumwa. Fundi Ramazani aliitazama, akachomoa spoki moja, akaikwaruza kwa kisu.

"Haikufa," akasema. "Moshi ilikamata kutu ikaizuia. Mipira njo ilikufa."

Na ilikuwa hivyo. Chuma chini ya masizi kilikuwa kizima, lakini mipira ilikuwa imekauka, ukiikunja inavunjika kama jani kavu la muhogo. Nilidhani nitamwachia nije kuichukua imekamilika. Fundi akakataa. Akasema hataki mtu wa kuja kulia kwake kila siku. Nani atanitengenezea nikiharibikiwa porini, yeye au nyani? Akanipa ufunguo. Basi kila mchana, wenzangu wakila, mimi nilikuwa kibarazani kwake, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na kabla ya kurudi kwa akina mama wanaojifungua nilisugua kwa majivu na sabuni hadi ngozi inawaka.

Masizi tuliyatoa kwa majivu na mafuta ya taa. Mnyororo tuliulaza ndani ya mafuta ya taa hadi ukalegea, kila kipande kikakumbuka kazi yake. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo limenisaidia hata katika ukunga. Mimi nilitaka kulipiga. Fundi akanishika mkono. Gurudumu lililopinda halipigwi. Unaweka kipande cha chaki karibu na rimu, unazungusha, unaona wapi chaki inagusa. Pale panapogusa ndipo palipovutwa sana. Basi unakaza spoki za upande wa pili, kidogo, robo ya mzunguko, unazungusha tena, unaangalia tena. Ukiharakisha unalipindisha upya. Nilikaa na gurudumu lile mchana baada ya mchana hadi likanyooka, nikajisifu mbele ya wenzangu wote, na wala hawakujua nasema nini.

Kiti kipya tulikitengeneza wenyewe. Fundi alikuwa na fremu ya kiti kilichochanika. Nikaijazia pamba, ambayo Baraka haikosekani, yeye akashona ngozi ya ng'ombe juu yake. Breki alikata kutoka kwenye mpira wa lori. Akaniambia mpira wa baiskeli ni laini mno, unaisha upesi, wa lori unakawia. Hayo pia yashikeni.

Makosa niliyafanya, na mengine yalikuwa ya kuchekesha. Grisi iliponiishia nyumbani, nikapaka mawese kwenye mnyororo na vitovu vya magurudumu. Nilijiona nina akili. Asubuhi ya baridi mawese yakaganda, magurudumu yakawa mazito kama yamefungwa kamba. Mchana yakayeyuka yakakusanya vumbi la njia nzima. Na usiku panya wakaja kulamba, wakaona wasiishie kwenye mafuta, wakatafuna na mpira. Fundi hakunigombeza. Alilitundika gurudumu juani ili kila mteja aone alama za meno.

Kuendesha nilijifunzia kwenye mchanga mgumu wa ufuoni Lweba, Wilondja akinishika nyuma. Siku aliponiachilia bila kuniambia nilikwenda vizuri sana, nikafurahi, nikageuka nyuma kumtafuta. Nilipogeuka mbele tena nilikuwa katikati ya ndagala walizoanika wanawake. Nilipita safu mbili nzima kabla ya kuanguka. Wale mama hawakupiga kelele. Walinipa kikapu na kunionyesha mchanga, nami nikaziokota moja moja na kuziosha ziwani hadi jioni. Mmoja wao aliniambia mwanamke anayepanda kinga hazai. Nikamjibu kwamba materniti nimewaona wengi waliokosa mtoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda baiskeli. Akaendelea kugeuza ndagala zake.

Siku ya kwanza ya kwenda kazini, kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, kiliingia kwenye mnyororo kabla sijafika nusu ya njia. Nilifika Baraka kwa wakati, kweli, lakini na nusu ya kikwembe. Fundi akakata bati la kopo la mafuta akalikunja kufunika mnyororo, na fundi cherehani jirani yake akanishonea kaptula pana ya kuvaa ndani. Nguo nyeupe ya kazi niliifunga kwenye mfuko, nyuma, pamoja na sabuni, vitambaa safi na uzi uliochemshwa. Uzi ule niliuweka kwa kuwa Masere alitufundisha kwamba mkunga hatembei mikono mitupu. Sikudhani utahitajika.

Nilikuwa bado nachelewa siku nyingine. Kuendesha nilijua, njia sikuijua. Kulikuwa na mteremko mrefu unaoshuka hadi daraja la mbao, na pale nilikuwa nashuka chini, nasukuma polepole kwa woga, muda wote niliouokoa unapotea.

Asubuhi moja natoa baiskeli, baba mkwe alikuwa amekaa barazani, mguu wake umenyooshwa mbele. Nilipiga goti, nikainamisha macho, nikataka kupita. Akasema, na macho yake yako kwenye baiskeli:

"We kinga. Pale pa muteremuko, usikamate breki ya mbele peke yake. Anza na ya nyuma, polepole, kisha ya mbele. Mi njo nilivunjikia vile."

Hakusema na mimi, kwa hiyo sikuweza kumjibu. Nikaiambia baiskeli:

"Kinga, umesikia."

Siku ile nilishuka mteremko nikiwa juu ya kiti, breki ya nyuma kwanza, na nilivuka daraja bila kukanyaga chini. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa na neno kwa baiskeli. Ataiambia wapi mchanga unakuwa mwingi baada ya mvua. Ataiambia kwamba penye matope ya mfinyanzi mtu hapiti katikati, anapita penye majani. Mtu yule alikuwa na njia nzima ndani ya kichwa chake, na miaka yote hiyo hakuwa na wa kumpa. Nikaanza kufika kabla ya kengele.

Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha, na Masere hakuwa amesema neno, si jema si baya. Ndipo asubuhi moja, nikishuka mteremko ule, niliona watu wamesimama chini karibu na daraja. Walikuwa wanaume wanne na kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa mabegani, wamekiweka chini katikati ya njia. Mwanamke alikuwa amelala juu yake na mama yake anamshika kichwa. Wanaume walikuwa wameangalia upande wa mto, kwa aibu na kwa hofu.

Mama mtu mzima akaniona nguo nyeupe inayochungulia mfukoni. Akasema tu, "Mwanangu, uko wa materniti?"

Nikamwambia ndiyo. Nikailaza baiskeli majanini, nikawaambia wanaume wavute kipoyi hadi pembeni na watupe migongo, nikanawa kwa maji ya mto na sabuni. Nilipomwangalia yule mwenye uchungu niliona kwamba Baraka hatafika. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana. Nilikuwa sijawahi kuzalisha peke yangu. Daima Masere alikuwepo nyuma ya bega langu, na sasa nyuma ya bega langu kulikuwa na mto. Nikajisemea polepole yale aliyokuwa akituambia: usivute, ngoja, mama mwenyewe anajua. Yule mama alikuwa amechoka sana. Nilimshika mkono, nikamwambia apumue, asisukume hadi nimwambie. Akanisikiliza. Mtoto alitoka ameviringishwa kitovu shingoni mara moja, nikakipitisha juu ya kichwa chake, naye akabaki kimya, rangi ya majivu.

Nilimsugua mgongo kwa kitambaa. Nikamsafisha mdomo. Nikamsugua tena. Bibi yake alikuwa amefumba macho. Kisha mtoto akapiga chafya, kama mtu aliyeingiwa na pilipili, na baada ya chafya akalia, na wale wanaume wanne wakageuka wote pamoja kabla ya kukumbuka kwamba wameambiwa wasigeuke.

Kitovu nilikifunga kwa uzi wangu, sikukikata. Kukata tungekata materniti kwa mkasi uliochemshwa. Nilimlaza mtoto juu ya kifua cha mama yake, nikawafunika wote wawili kwa nguo yangu nyeupe, nikangoja hadi kondo la nyuma likatoka, nikahakikisha damu imetulia, na hapo ndipo nikawaambia wanyanyue kipoyi. Nikapanda baiskeli nitangulie kuwaandalia mahali.

Kengele ilikuwa imeshalia zamani. Masere alisimama mlangoni. Mimi sina nguo nyeupe, kaptula inaonekana, mikono ina damu iliyokauka. Nilimwambia kwamba kuna mama anakuja nyuma yangu na mtoto, kitovu hakijakatwa, damu imetulia. Alinitazama, kisha akatazama njia. Hakusema juu ya kengele. Akaniambia nikanawe, nichemshe mkasi, na kipoyi kilipofika alimpima mtoto na mama kwa utaratibu kama kawaida yake, akanipa mkasi, nikakata mimi.

Mchana aliniuliza nani aliyenitengenezea baiskeli. Nilipomwambia, akasema kwamba materniti itahitaji nyingine, kwa ajili ya kuwafuata akina mama wanaojifungua mbali, na kwamba mimi nitamfundisha mwenzangu kuendesha. Nilielewa kwamba mvua zinaweza kwisha zinapotaka. Nilifanya kazi ile hadi nilipostaafu, na wasichana niliowafundisha kupanda baiskeli ni wengi, wote nimewaangushia kwenye mchanga ule ule.

Jioni ile nilirudi na matope hadi masikioni. Habari ilikuwa imenitangulia, kwani wale wa kipoyi walipita Lweba mchana kurudi kwao. Mama mkwe alinipokea, akanipa maji ya kuoga, akaniambia mzee aliuliza kama mtoto alilia vizuri. Nikamwambia ajibiwe kwamba alianza kwa chafya. Nikalala kama jiwe, baiskeli nimeiacha ukutani vile vile, chafu, jambo ambalo Fundi Ramazani angenikana kwalo.

Asubuhi nilipotoka kuichukua, ilikuwa imeoshwa. Hakuna matope hata kwenye spoki. Mnyororo ulikuwa na grisi mpya, mipira imejazwa upepo hadi inalia ukiipiga kidole, na usukani umegeuzwa kuelekea njia ya Baraka. Barazani hapakuwa na mtu. Lakini mtu mwenye goti lisilokunjika hawezi kuchutama. Ili aoshe magurudumu lazima akae chini kabisa, udongoni. Na pale chini, karibu na gurudumu la nyuma, kwenye udongo uliolowa, palikuwa na alama ya mtu aliyekaa, na kando yake mstari mrefu wa mguu ulionyooka.

Nikaizunguka alama ile nisiikanyage. Nikapanda, nikaenda kazini.